Jina Kwenye Bamba

Kwa miaka minne Mkunde alibuni mashine ya kufyatua elektroni kwa mapigo mafupi mno, ili zigonge atomi za gesi na kufichua siri zake. Siku ya uzinduzi aliikuta imebandikwa bamba la shaba lenye jina moja tu, la Profesa Ndimbo, mkuu wa maabara.

"Binti, wape wageni chai," Profesa akamwambia.

Mkunde akazunguka na sinia. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akainama kwenye kioo cha mashine. "Mbona ncha ya waya huu imechongwa mshazari?" akauliza.

Profesa akakohoa. "Mkunde, hebu mweleze mgeni."

Mkunde akaweka sinia mezani. Ncha ile, inakotokea elektroni, aliichonga mara thelathini na saba kabla mapigo hayajatulia.

"Shikamoo mama," alisema. "Jibu ninalo. Lakini hapo pameandikwa jina la Profesa, basi aanze yeye."

Profesa akatoa leso, akaanza kulipangusa bamba. Yule mama hakumngoja. Akavuta kiti mbele ya Mkunde, akaketi, akafungua daftari kwenye ukurasa mweupe.