Mgeni Aliyekubali Kufungwa

Palikuwa na panya Buku mmoja aliyependa kushinda karata kuliko kula, ndiyo maana alimwalika Kicheche mla nyama nyumbani kwake. Kicheche alifungwa kila mchezo, akalipa karanga zake huku akicheka.

Mke wa Buku, aliyekuwa akileta chai, aliingiwa na hofu. Mgeni hakuangalia karata zake. Aliangalia pazia la chumba walimolala watoto.

"Baba watoto, huyu asirudi," alisema mgeni alipoondoka.

"Nimfukuze anayetulisha karanga? Kesho anakuja tena."

 Kesho yake mama alimwita jirani yao Nungunungu, anayelala popote anapokaa, akamtandikia mkeka mbele ya lile pazia. "Kaa hapa, shemeji. Ukichoka, lala tu."

Mchezo haujakolea, Nungunungu alikuwa anakoroma, na miiba yake imelala pia. Kicheche akafungwa, akacheka, kisha akapuliza taa. Gizani mama alisikia kishindo, halafu yowe, halafu mlango wa nje ukibamizwa. Akapapasa kutafuta kibiriti.

Taa ilipowaka, watoto wote walikuwepo. Nungunungu aliketi, miiba imesimama, mingine ina damu. "Nani kanirukia?" aliuliza.

Buku alitazama karata zilizotapakaa sakafuni. "Na mimi nilikuwa nashinda," alinong'ona.

"Alikuwa anakununua kwa karanga," mkewe alisema. "Haya, mshike huyu mtoto, analia."