Bibi Bangili

Bangili zilikataa kupita kwenye kiganja. Mama Kamera alipaka mafuta ya kupikia, akasukuma, akazungusha, akasukuma tena. Mama mkwe wake, aliyekaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, alikunja uso.

"Vumilia, mama. Mikono imevimba tu leo."

"Imevimba," bibi alikubali.

Jina la Mama Kamera alipewa na majirani, nusu utani nusu heshima, kwa kuwa simu haikumtoka mkononi. Hakusomea picha popote. Alijifunzia jikoni, sufuria motoni, kidole kikifuta na kurekebisha kwenye kioo cha simu. Mumewe alifanya kazi mbali na kurudi mara moja moja; nyumbani walibaki wawili tu, yeye na mama mkwe. Basi akampiga picha huyo huyo aliyekuwepo.

Picha ya kwanza ilikuwa mbaya, hata mwenyewe alijua. Ukuta ulikuwa na madoa ya unyevu, akayafuta. Macho ya bibi yalikuwa yamezama, akayatia nuru. Mikono ndiyo iliyomtoa jasho. Haikutazamika, na kila alipoilainisha ilitoka kama ya mdoli. Mwishowe alikata bangili mbili pana za shaba kutoka kwenye picha nyingine, akazibandika kwenye vifundo vya mikono ya bibi, na chini yake akaweka kivuli chembamba ili zionekane zimekaa.

Kundi lao la mtandaoni, la wapiga picha wa kujifurahisha, likachachamaa. Wakambatiza mama mkwe jina la Bibi Bangili. Watu wasiomjua waliandika kwamba wangepata mkwe kama Mama Kamera wangezeeka bila hofu. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akiishi mji mwingine, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwaga mioyo kila picha ilipotoka.

Sasa kundi lilikuwa na shindano, na zawadi ilikuwa kamera. Kamera hasa, yenye lenzi na mkanda wa shingoni. Mama Kamera alikuwa amebaki miongoni mwa watatu wa mwisho, na rafu ya kuiweka alishaipangusa. Ila asubuhi ile msimamizi wa kundi aliwaandikia kwamba picha ya mwisho itumwe kama ilivyotoka kwenye simu, bila filta, bila kufuta kitu, kabla jua halijazama. Kwake akaongeza mstari mmoja: watu wana hamu na zile bangili.

Ndiyo maana alikimbilia sokoni chai ikiwa bado ya moto. Mlango aliufunga kwa nje kama kawaida. Kuna siku bibi alitoka peke yake akaenda kubisha hodi kwa jirani, ikawa aibu tupu, ikabidi aeleze kwamba uzee umemwingia mama kichwani.

Muuza mapambo alimtolea bangili nyembamba. Akataka pana. Akatolewa pana, akataka pana zaidi.

"Dada, hizi zinafunika mpaka saa," muuzaji alicheka.

"Hizo hizo."

Na sasa, nyumbani, bangili ya pili nayo ikapita, ghafla, kwa nguvu za mafuta. Mama Kamera akafungua pazia. Akapiga, akasogea, akapiga tena. Kwenye picha moja bibi alikuwa ameinua mikono yake kwenye mwanga, akiigeuzageuza kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Akaituma hiyo.

Hajakaa vizuri, simu ikalia. Wifi, kwa video.

"Wifi, umeniliza mbele za watu kazini. Hebu nipe mama."

Mama Kamera akamkumbatia bibi begani, akashika simu mbele yao wote wawili. Wifi akauliza kama mama anakula vizuri. Bibi akasema anakula. Akauliza kama anatoka angalau kuota jua. Bibi akamtazama kwanza aliyeshika simu, kisha akasema anatoka.

"Na bangili, mama? Umezipenda?"

"Nimezipenda." Bibi akazigusa. "Mwambie mke wa kaka yako asinivue. Hata nikilala."

Wifi alicheka mpaka simu ikatikisika mkononi. Akasema kumbe mama yake uzeeni ndio kaanza mapambo, asije akamkuta na kipini puani. Akamshukuru wifi yake, akasema Mungu atamlipa, akakata.

Jua lilikuwa linagusa mapaa jibu lilipoingia. Kamera ilikuwa yake. Msimamizi aliandika kwamba miaka yote ya kutazama picha hajapata kuona mikono iliyotulia namna ile.

Mama Kamera alipiga kigelegele peke yake katikati ya sebule. Akainama, akambusu bibi kwenye paji la uso.

"Tumeshinda, mama."

Kisha akapiga magoti mbele ya kiti, akazivua bangili moja baada ya nyingine, akazifuta kwa kanga, akazirudisha kwenye boksi lake. Nyuma ya kiti akaokota kamba. Mikono ya bibi ilikuja yenyewe, ikajilaza juu ya mbao pale pale palipozoeleka. Akafunga, alama juu ya alama, akakaza kuliko jana, maana mafuta yanateleza.