Cheka, Ndiyo Mila

Ukasha hajautoa hata mguu wa pili matopeni, tayari alikuwa ametukanwa.

"Mmeleta sanda, au mmeleta simu?" aliuliza mtu mmoja aliyesimama pale dikoni boti zinapofunga. Alikuwa kavaa koti la Mzee Abbasi, kofia ya Mzee Abbasi, na kandambili za Mzee Abbasi, moja imeshonwa kwa waya.

Hemedy, kitindamimba, aliishusha simu aliyokuwa akirekodia mikoko. Dada yao Sabra akavimba kwa hasira. Ukasha yeye alitabasamu. Akawavuta wadogo zake kando, akawanong'oneza kwamba yule ni mtani. Msiba wa kwao haukamiliki bila mtani: atavaa nguo za marehemu, atamwiga, atawasema wafiwa mpaka basi, na mfiwa atakayekasirika amejiaibisha mwenyewe. Baba ndiye aliyewasimulia.

"Miaka minane hatujakanyaga Salale," alisema. "Leo nataka watu waseme hawa ni watoto wa Mzee kweli. Atakachosema, chekeni. Ndiyo mila."

Hilo tu ndilo alilolifuata. Alikuwa mtoto wa kwanza, na huo bwana ni ukubwa, hata kwa mtu aliyeuweka kabatini. Miaka minane nayo ilikuwa na sababu zake. Ukasha alikuwa na vikao. Sabra alikuwa anaogopa boti. Hemedy alikuwa na nia, na nia njema nayo ni ibada.

Tena huko Salale, ndani ya delta, palikuwa pa baba, si pao. Wao walizaliwa Kibiti, kwenye duka la Mzee. Kila mwezi Mzee alishuka Salale kufuata kamba, akakaa siku kumi, akarudi kanenepa na hana kamba wa kutosha kikaango. Mama yao alipofariki, akafunga duka akahamia huko moja kwa moja.

Barazani, mtu yule alifanya kazi yake kama aliyeisomea. Alitembea akiburuta mguu wa kushoto. Alikohoa kikohozi cha Mzee, kile kinachoanzia tumboni. Hata paji la uso, Ukasha angeapa, alikuwa amelipatia.

Akawaeleza watu wote kwamba kila Ijumaa Mzee alijikokota mpaka dikoni, ndiko mtandao unakoshika, akaketi na simu mapajani tangu swala mpaka maji yajae. Haikulia. Akaeleza kwamba Mzee alipoacha kula alisingizia meno, na kwamba mkono uliomlisha uji kwa kijiko haukuwa na digrii hata moja.

Ukasha akacheka. Hemedy akacheka na makofi juu. Sabra alicheka wa mwisho, mtandio mdomoni, machozi yakimtoka, na kaka yake akamfinya aongeze.

Wenyeji hawakucheka. Walitazama mkeka. Ukasha akawasikitikia: watu wamekaa na mila tangu kuzaliwa, mpaka aje mtu wa mjini kuwakumbusha.

Makaburini, Ukasha alivua viatu ashuke kumpokea baba yake. Yule mtu akamzuia kwa kifua.

"Kaa hukohuko. Utachafua suruali."

Suruali kweli ilikuwa mpya. Ukasha akacheka, akavaa viatu vyake, na moyoni akamshukuru.

Yule mtu akashuka. Akampokea Mzee, akamlaza kwa ubavu wa kulia, akamfungua kamba za sanda taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kisha hakutoka. Alikaa humo, paji la uso kaliegemeza kwenye udongo, mabega yakimtikisika.

Hapo Ukasha alikijua cha kufanya. Mtani akiingia kaburini hatoki bure, hutuzwa. Alichomoa noti ya elfu kumi, akaiinua kidogo ili hata walio nyuma waione, akaidondosha shimoni.

"Umetuweza, bwana," alisema, akicheka kwa sauti. "Haya, panda."

Imamu akasema astaghfirullah, polepole, mara tatu. Hemedy alikuwa bado anarekodi.

Yule mtu aliitazama noti, akamtazama Ukasha, akapanda juu. Noti aliiacha kulekule, ikafukiwa. Ukasha akaona hajapata kuheshimiwa namna ile.

Waliporudi nyumbani watatu hao walikaa mbele kabisa, penye sinia la kwanza la ubwabwa. Sabra akauliza kwa sauti ya chini mbona mtu yule macho yamemwiva. Kaka yake akamjibu kwamba mwigaji hodari hufika mahali akajisahau.

Ndipo debe likasikika likipigwa kutoka dikoni. Akaingia mtu mnene, kavaa gauni, ungo uliotoboka kichwani, tope mpaka mapajani, akilia kwa sauti ya beberu kwamba Mzee Abbasi kafa makusudi siku ya maji kutoka, ili watani wake wakwame njiani wasile ubwabwa. Ilikuwa ni Maneno wa Mchukwi, mtani wa Mzee. Salale nzima ikaangua kicheko. Mwenye koti naye akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile, mpaka akakaa chini.

Maneno akampita Ukasha kama anapita gogo. Akauvua ungo, akapiga magoti, akamshika yule mwenye koti mikono yote miwili.

"Pole sana, kifungua mimba wa Mzee," alisema. "Sasa hao wenzangu watatu waliotoka mjini, niliosikia wameniwahi wakacheka mpaka kaburini, ni watani wa kabila gani?"