Tema, Mama

"Tema, mama! Usimeze," mwongozaji alisema kwa mara ya tatu, akionyesha ndoo ya plastiki chini ya meza. "Kipande hiki tutakirudia mara arobaini. Ukishiba, tabasamu halitoki tena."

Bi Mwanakheri aliitazama ndoo. Ilikuwa imefika nusu kwa pilau iliyotemwa na wanawake waliomtangulia kujaribiwa, wote wakitaka kuwa mama wa tangazo la mchele. Yeye hakuwa amekula tangu jana mchana. Na wanawe aliwalea kwa kuwafinya masikio mpaka waokote kila punje iliyoanguka mkekani.

"Chakula hakitemwi, mwanangu."

"Basi nimwite anayefuata?"

Nje ya mlango walikuwa wanangoja wengine kumi na wawili.

Akajaza kijiko, akatafuna, akaitabasamia kamera kama aliyeona watoto wake wote wamerudi nyumbani. Kisha akainama, akatema.

"Hapo sasa! Uso wa mama kabisa! Rudia."

Punje moja ilikuwa imebaki kwenye mdomo wa chini. Ulimi ukaifuata wenyewe. Akaurudisha, akaipangusa punje kwa upindo wa kanga, akashika tena kijiko.