Kiatu cha Kulia

Marietha alifika kwa wakwe zake, Boko, kumwona mjukuu, jasho limemlowesha mgongo. Kandambili zilijaa mlangoni. Ndani hakuna aliyevaa viatu.

Tangu apate kiharusi, mguu wake wa kulia ulisimama kwa kifaa cha plastiki chenye mikanda, na kifaa hicho kilienea kwenye kiatu cha mwanamume tu. Akaegemea ukuta, akahema, akainama kukifungua kiatu hicho.

"Ingia nacho tu, mkwe," mama mwenye nyumba alimsihi.

"Cha marehemu mume wangu hiki. Hakuwahi kukanyaga sebule ya mtu na kiatu, leo mie nimwanzishie?"

Yule mama akapiga magoti, akaifuta soli kwa khanga yake, taratibu, hadi kisiginoni.

"Basi karibuni," akasema. "Nyote wawili."