Picha ya Mlangoni

Mwanahawa alikuwa akizipaka protini rangi ya manjano, moja baada ya nyingine, katika picha ya seli ya mumewe. Kila mwaka sheria ilitaka kila nyumba itundike mlangoni picha za seli za wenyeji wake, zilizochorwa kwa mkono, bila kuongeza wala kupunguza kilichoonekana kwenye hadubini.

"Mama Saumu, nipendezeshe," Mbwana alitania huku akimmenyea chungwa. "Mwaka jana walisema nimejaa kama soko la Jumamosi."

"Na bado umejaa, mume wangu."

Wakacheka. Zilibaki kuchorwa protini chache zilizojisokota, dalili ya ugonjwa uliomuua baba yake Mbwana.

"Mbona hapa peupe?" Mbwana aliuliza, akiinamia picha.

"Hapo pana kazi," Mwanahawa alisema, akiosha brashi. "Nitapachora kesho."