Beringi za Mwakio

Siku hizo nati za chombo cha usafiri zilifunguka kwa mkono wa mwenyewe tu, au mrithi wake akitamka kuwa amefariki; na chombo kilikitangaza kifo hicho papo hapo. Mwakio alikuwa hajulikani alipo mwaka wa tatu sasa. Mkewe Wakesho, mkunga, alipanda milima ya Taita kwa baiskeli ya umeme ya mumewe, akimngoja, hadi gurudumu la nyuma likaanza kuyumba.

“Beringi za gurudumu zimekwisha, mama,” fundi alisema. “Ukiteremka nazo utaanguka. Mwenyewe yu hai?”

Wakesho alipapasa kiti kilichobonyea kwa mwili wa Mwakio. Huko mlimani mjamzito alikuwa akimsubiri yeye, mkunga wake.

“Amefariki,” alinong'ona.

Nati zikalegea zenyewe.

Jioni aliporudi, tangazo la kifo lilikuwa limemtangulia. Majirani walikuwa wameshatandika mikeka ya matanga uani.